Tupeane uzoefu: uliyeufukuzia mwezi na kamera, yalikukuta nini?

Popo wa Tabata: Jana mwezi mpevu nikashuka Coco, ukachomoza baharini mwekundu kama chungwa, aisee, napiga na simu napata kidoti cheupe kama taa ya bodaboda. Wenzangu vipi?

Mama Tunu: Kidoti hata mi ninacho 😂

Mpiga Pwani: Angani una upana wa nusu digrii tu, kwa lenzi pana lazima uwe punje. Weka lenzi ya milimita 300 kwenda juu. Na unamulikwa na jua, upige kama mchana, ISO (wepesi wa kunasa mwanga) 100, tundu la lenzi f/11, kasi 1/100 ya sekunde.

Kaka Feri: Sa hapo ngalawa iliyo mbele ya mwezi si inakuwa giza tupu? Mi naenda siku moja kabla haujapevuka, unachomoza jua bado lipo.

Mtoto wa Temeke: Mi niliupiga jioni unachomoza nyuma ya maghorofa ya Posta, niko Kigamboni. Mpevu kabisa.

Mpiga Pwani: Huo mwezi umeubandika kwenye picha. Ukiwa Kigamboni Posta iko magharibi, jioni huko utapata mwezi mwandamo tu, tena unazama. Mpevu usubiri alfajiri.

Mtoto wa Temeke: Unanifundisha Kigamboni?

Mpiga Pwani: Nakufundisha mashariki.

Babu Lenzi: Acheni hayo, mmenikumbusha Kimbiji. Saa kumi alfajiri nangojea ushuke nyuma ya minazi, nimejitanda shuka jeusi sababu ya mbu, nimeinama kwenye stendi, wavuvi wanaenda majini wakaniona, mmoja akapiga yowe, kugeuka nimezungukwa na makasia na panga moja, mzee wao anauliza we nani unafanya nini huku usiku, na mimi kwa woga nikajibu shikamoo mzee, natafuta mwanga tu. MWANGA jamani!! Nilikula kasia la mgongo kabla sijamaliza sentensi. Kilichoniokoa ni picha, nikamwonyesha mzee kwenye kioo, akaitazama weee akasema, "mbona mdogo hivi?"

Mama Tunu: Nimekufa 😂😂😂

Popo wa Tabata: Mzee kaona kidoti.

Kaka Feri: Wa Coco angalieni maji pia, mwezi mpevu ni bamvua, maji yanajaa kupita kawaida. Nilitega stendi mwambani saa tisa mchana nikaenda kula mihogo, narudi begi linaogelea.

Mpiga Pwani: Ndo uende maji yakishapwa.

Kaka Feri: Ndo ungeniambia siku ile.

Mama Tunu: Babu, na shuka?

Babu Lenzi: Walilichoma.