Hivi mnaodizaini haya majiko ya tachi mshawahi kupika wali wa nazi kweli?

Wakuu salaam. Niko Mtwara mjini, kazi yangu fundi wa vifaa vya umeme vya nyumbani, na leo nina hasira naomba niziseme zote. Meza yangu imejaa majiko ya kioo na presha kuka ambazo haziwaki, na nyingi ukizifungua unakuta koili nzima, feni nzima, waya wa umeme mzima, kilichokufa ni ile paneli ya kugusa ya mbele tu. Mtu katoka Tandahimba kauza korosho zake, kanunua jiko la laki na kitu ili aachane na mkaa, msimu mwingine haujafika analileta kwangu limefungwa kwenye kanga, na mimi ndo wa kumwambia kwamba hela yake imekwenda.

Kwa wasiojua hii tachi inavyofanya kazi, chini ya kioo kuna vitu vinapima chaji ya umeme, ukisogeza kidole ile chaji inabadilika, chipu inajua hapa pameguswa. Haijui kidole ni nini wala haijui nani kagusa, inaona badiliko tu. Sasa maji nayo yanaleta badiliko hilo hilo, tui la nazi linaleta, mchuzi wenye chumvi ndo usiseme, mvuke ukiganda juu ya kioo unaleta. Yaani wamechukua kitu kisichopatana na maji wakakiweka jikoni, afu kwenye haya majiko ya plate moja wamekiweka kiganja kimoja tu kutoka kwenye sufuria inayochemka.

Kuna mama mmoja Chikongola anapika oda za shughuli, nilikuwepo kwake nafunga soketi. Kainjika wali wa nazi, kageuka kidogo kumenya ming'oko, tui likaumuka likamwagikia paneli. Jiko likapiga piii, likaandika E na namba, likazima. Akafuta haraka na kitambaa kibichi kama mpishi yeyote angefanya, kitambaa kikashika ile alama ya kufuli ya watoto, jiko likajifunga. Kulifungua unatakiwa ushikilie hapo hapo sekunde kama tatu kwa kidole kikavu, na mikono yake ina tui hadi kwenye viwiko. Anabonyeza, linapiga piii. Anabonyeza tena, piii. Akanigeukia akasema "fundi, hili jiko linanitaka nini mwanangu?" Wali ukatoka una kiini na wageni wa watu walikuwa wanasubiri. Huyu ni mtu anapika toka hajaolewa, hakuna alichokosea hata kimoja, aliyekosea ni yule aliyekaa ofisini akajaribu jiko jipya kwa kidole kikavu, halina sufuria juu, akasema tayari lipelekwe sokoni.

Na hapo sijagusa suala la umeme kukatika. Hizi chipu zikipata umeme zinajipima upya, zinachukua hali ya kioo kwa wakati huo kwamba ndo hali ya kawaida. Kwa hiyo umeme ukikatika unapika, ukarudi paneli ina maji au kuna kitambaa juu yake, chipu inajifunza vibaya, ukishakausha inaanza kujibonyeza yenyewe au inakuwa kiziwi kabisa. Watu wanaleta kwangu wanasema jiko lina jini. Ikikutokea chomoa plagi, kausha kioo vizuri, subiri kidogo, chomeka tena, nyingi zinarudi bila kunilipa hata mia. Lakini hiyo ilitakiwa iandikwe kwa kiswahili kwenye karatasi inayokuja na boksi, siyo mpaka upande bodaboda uje kwa fundi.

Halafu kumbukumbu. Maharage yapo kwenye presha kuka, umeme unakatika dakika mbili unarudi, kifaa kimesahau kila kitu, kinakuangalia na vistari vinne vinawaka na kuzima. Najua jiko halitakiwi kujiwasha lenyewe umeme ukirudi na mtu hayupo, nyumba itaungua, hilo nakubali kabisa. Ila kukumbuka ilikuwa imebakiza muda gani na kusubiri mtu abonyeze mara moja iendelee, hiyo ni kazi ya chipu ndogo sana ya bei ndogo sana, kuna presha kuka nimezifungua zinafanya hivyo, kwa hiyo msiniambie haiwezekani.

Wazee ndo wananiuma zaidi. Bibi mwenye mtoto wa jicho zamani alikuwa anashika swichi ya kuzungusha, anaisikia kwa vidole iko wapi, ikilia tak anajua imezima. Leo unampa kioo cheusi bapa, alama zimechorwa kwa rangi ya kijivu, hakuna mahali pa kupapasa, na akipapasa ndo anawasha. Mlio nao ni ule ule mmoja, umewasha piii, umezima piii, umekosea piii, sasa ajuaje moto umezimika? Mimi nikiletewa na mzee huwa natia tone la silikoni pembeni ya alama ya kuzima ili alishike kwa kidole, kazi ya dakika moja, na kiwanda kizima chenye mainjinia kimeshindwa kulifikiria.

Msidhani ni ushamba wa kusini. Agosti 2017 manowari ya Marekani USS John S. McCain iligongana na meli ya mafuta karibu na Singapore, mabaharia 10 wakafa, na uchunguzi ukakuta mfumo wa skrini za kugusa wa kuendeshea meli ulichangia kuwachanganya. 2019 jeshi lao la majini likasema linarudisha vishikio vya kushika kwa mkono kwenye meli za aina hiyo. Watu wenye hela zote zile wamerudi kwenye kitu cha kushika, sisi mama ntilie tunaambiwa tachi ndo maendeleo.

Matengenezo sasa. Swichi ya kuzungusha ikifa nakubadilishia siku hiyo hiyo kwa hela ndogo, inaingia kwenye majiko chungu nzima. Paneli ya tachi kila kiwanda na yake, ndani kuna springi ndogo kama za kalamu zinasukuma kioo kwa chini, na hewa yetu ya bahari hii ya chumvi na unyevu zinashika kutu, alama moja inakufa, na ikiwa iliyokufa ni ya kuwasha basi jiko zima ni pambo. Bodi mpya Mtwara haipo, Lindi haipo, unaagiza Kariakoo nako wanakwambia nunua jiko jingine.

Atakuja mtu hapa aseme kioo bapa ni rahisi kufuta. Ni kweli, mafuta hayajifichi kwenye nyufa. Lakini swichi ya kuchomoa ukaiosha ipo miaka yote, na hata ukitaka tachi basi weka kuwasha na kuzima kwa kitufe cha kubonyea kweli, hayo mengine chezea utakavyo.

Serikali ina mkakati wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034, lengo asilimia 80 ya watu waachane na kuni na mkaa. Mimi nauunga mkono, moshi umetuulia mama zetu. Ila yule mama wa Chikongola keshanunua gunia la mkaa, jiko la kioo analifunikia ndoo.

Wadau mnaoagiza mzigo China, kabla hamjalipia kontena mwageni maji vijiko viwili juu ya paneli jiko likiwa linawaka, muone linafanya nini. Likiwa la indaksheni, yale yanayopasha sufuria kwa sumaku, mwambieni mteja mapema kwamba sufuria zetu za alumini halizipashi. Na kama kuna mtu anajua duka lolote, Dar au Masasi, linalouza jiko la umeme la plate moja lenye swichi ya kuzungusha na spea zake zinapatikana, aweke jina la duka hapa chini, nina wateja wanasubiri.