Yule wa kofia kaziba PUA mbele ya bibi wa watu!

Wakuu, naandika mikono inatetemeka, nimezima televisheni sasa hivi. Jina simtaji, mnamjua: yule wa kofia, anayezunguka dunia kula vya watu huku kakodoa macho kama kamezeshwa kwinini.

Leo kafika huku Japani, mkoa wa Shiga kwa wakwe zangu, kando ya ziwa Biwa. Kaletewa funazushi, sushi ya samaki aliyechachushwa. Bibi kapiga magoti, kashika sahani kwa mikono miwili, na yeye KAZIBA PUA. Vidole viwili, kama anapita jalalani. Kwenye kuhariri wakairudia mara tatu, ya tatu polepole, na muziki wa filamu za majini.

Yule ni nigorobuna, samaki wa ziwa hilo, jike na mayai yake. Analazwa kwenye chumvi miezi, kiangazi anaoshwa, anapangwa upya na wali kwenye pipa, juu mawe, mpaka mwaka unageuka. Sushi ya namna hiyo ililiwa karne na karne kabla ya hizi za siki mnazopiga picha. Jibini la Ufaransa lenye ukungu huyu analila kafumba macho kwa raha. Hapa kaziba pua!

Mama mkwe hakusema kitu. Kaenda jikoni, karudi na vipande vitatu vyembamba, mayai ya rangi ya chungwa, kaniwekea juu ya wali, kamimina chai ya moto. Nimekula huku nanusa kwa makusudi.

ngonda_mbichi: Punguza povu mkuu. Si wewe uliyefungua uzi mwaka juzi ukilia kwamba harufu ya hicho hicho kitu imeingia kwenye kabati la nguo?

Mleta uzi: Kabati ni mambo ya ndani ya familia. Yeye kaziba pua kwenye TELEVISHENI.

mama_tambi: Afadhali wewe. Huku Hiroshima kapewa okonomiyaki imepangwa ikapangika: unga mwembamba chini, kabichi mlima, nyama ya nguruwe, tambi, yai. Kashika kale kamwiko ka chuma, KAVURUGA yote kama anasonga ugali. Halafu kaiita chapati.

osaka_damu: Kwa mara ya kwanza kapatia. Huku Osaka inachanganywa. Hiyo yenu ni kabichi iliyofunikwa shuka.

mama_tambi: Mnachanganya kwa sababu kupanga hamjui.

mtu_wa_mito: Ibaraki kafanya nini? Kavuta nyuzi za natto, yale maharage ya soya yaliyochachushwa, kutoka bakulini karibu mpaka dirishani, anacheka. Mchuzi wetu wa samaki ankou, majira ya baridi yote haya, hata sekunde moja hakuuonyesha.

ngonda_mbichi: Funazushi mmoja bei gani? Nauliza kwa niaba ya rafiki.

Mleta uzi: Ghali! Nigorobuna wamepungua, matete wanakozalia yamefyekwa, samaki wageni wanamaliza vifaranga. Ndiyo maana nasema, mtu anaziba pua kwa kitu adimu hivyo…

osaka_damu: Tambi hata sisi tunaweka. Inaitwa modan-yaki.

mama_tambi: Wezi.

Mleta uzi: Jamani, turudi kwenye pua.

osaka_damu: Hiroshima-yaki ni ya watalii tu.

mama_tambi: RUDIA? Huku hakuna kitu kinaitwa Hiroshima-yaki. Ni okonomiyaki, basi. Ya kwenu ndiyo iongezwe jina.

mtu_wa_mito: Umemchokoza wewe, usikimbie.