Mjadala: Je, 👍 na 🙏 katika kundi la likelemba zihesabiwe kuwa kukubali?

Mleta mada (Kamalondo, Lubumbashi)

Naomba tujadili jambo ambalo limeanza kuvunja urafiki wa watu katika mitaa yetu. Katika likelemba (upatu) moja ya wanawake wafanyabiashara hapa mjini, kila mwanachama alikuwa akitoa faranga 20,000 kwa juma, na mwenye zamu anakula fungu lote. Mweka hazina aliandika kwenye kundi la WhatsApp kwamba, kwa kuwa bei za bidhaa zimepanda, kuanzia mwezi unaofuata mchango utakuwa faranga 30,000, kisha akauliza: «Tumekubaliana?» Hakuna aliyejibu kwa maneno. Wengi waliweka 👍, wawili waliweka 🔥💯, mmoja aliweka 👀, na mmoja, ambaye zamu yake ya kula ilikuwa imekwisha kupita, aliweka 🙏🏾😭. Mweka hazina alizihesabu zote, isipokuwa ile ya macho, kuwa kura za ndiyo. Ulipofika mwezi huo, mama wa 🙏🏾😭 alileta faranga 20,000 kama kawaida, na alipodaiwa zilizobaki alijibu kwamba alikuwa ameomba ahurumiwe. Mweka hazina anasema alisoma shukrani ya mtu aliyefurahi hadi machozi yakamtoka.

Sioni mwongo kati yao, na ndiyo maana suala hili ni gumu. Msimamo wangu nautaja mapema ili tusipotezeane muda: emoji inaweza kuwafunga watu wawili waliokwisha kuizoea na kuifuatisha kwa vitendo, lakini haitoshi kumtwika mtu mzigo mpya ambao hakuwahi kuukubali kwa maneno. Karibuni.

Muuza unga (soko la Kenya)

Mama mleta mada, napinga kabisa. Unga ninaouza hapa Lubumbashi, soko la Kenya, unatoka Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Natuma picha ya magunia na bei niliyoelezwa, mwenye mali anajibu 👍🤝, na lori linaondoka. Bei ikipanda usiku, je, asubuhi aniambie kwamba kidole kile kilikuwa na maana ya «nimeona» tu? Tukimpa kila mtu ruhusa ya kueleza upya picha yake baada ya mambo kubadilika, hakuna atakayeuza wala kukopesha kwa simu tena.

Kisha kuna jambo ambalo umeligusa juu juu tu: mama huyo amekwisha kula. Kama zamu yake ingekuwa bado mbele, na fungu lililoongezeka likawa linamngoja yeye, je, machozi yale yangekuwa ya kuomba huruma?

Mwanasheria anayeanza kazi (Kampemba)

Mama wa soko la Kenya, hofu yako ina msingi, na mahakama moja ya mbali imekwisha kuisikia. Mwezi Machi 2021, katika jimbo la Saskatchewan nchini Kanada, mnunuzi wa nafaka alimtumia mkulima picha ya mkataba wa mbegu za kitani na kumwomba athibitishe. Mkulima akajibu 👍. Ulipofika wakati wa kuleta mbegu, bei ilikuwa imepanda sana na mbegu hazikuletwa. Mkulima alijitetea kwamba kidole chake kilimaanisha kuwa mkataba umefika, naye angeusoma baadaye. Mwaka 2023 jaji aliamua kwamba kidole hicho kilikuwa kukubali, akamwamuru alipe zaidi ya dola 82,000 za Kanada, na mahakama ya rufaa ikaunga mkono uamuzi huo mwishoni mwa mwaka 2024.

Hata hivyo, wengi wanaoisimulia kesi hiyo huacha sehemu yake iliyo muhimu zaidi. Watu hao wawili walikuwa wamefanya biashara kwa miaka kadhaa, na katika mikataba iliyotangulia mkulima alikuwa akijibu kwa neno fupi tu, mfano wa «sawa», kisha akileta mazao bila ubishi. Jaji aliilinganisha ile 👍 na majibu hayo ya zamani. Ikiwa wewe na mwenye mali wa Kasumbalesa mmesafirisha magunia mara nyingi baada ya 👍🤝, nawe una ushahidi wa aina hiyo hiyo.

Kwetu, sheria za biashara za OHADA, umoja wa nchi kadhaa za Afrika ambao Kongo ilijiunga nao mwaka 2012, zinasema kwamba katika mauzo ya kibiashara tamko au mwenendo wowote unaoonyesha kukubali unatosha, ila kunyamaza peke yake hakutoshi. Kwa hiyo mweka hazina alifanya vyema kutoihesabu ile 👀. Lakini likelemba si mauzo. Hapo tunarudi kwenye amri ya tarehe 30 Julai 1888 kuhusu mikataba, ambayo bado inatumika, nayo inataka kwanza ridhaa ya yule anayejifunga. Kanuni ya Kidijitali ya tarehe 13 Machi 2023 imeyapa maandishi ya simu nafasi yake katika ushahidi, lakini haikuandika popote maana ya 🙏🏾😭. Kazi hiyo inabaki kwa jaji, naye atauliza swali moja: mtu mwenye akili timamu, anayewafahamu watu hawa na desturi zao, angeelewa nini?

Mwanafunzi (Katuba)

Nawasalimu mama zangu, pamoja na Yaya (mkubwa wangu) mwanasheria. Huyo mtu mwenye akili timamu atapata shida, kwa sababu hata picha yenyewe haina msimamo. Japani, zilikotoka emoji hizi, viganja vilivyounganishwa hutumika kushukuru na pia kuomba. 😂 ndiyo iliyopewa rasmi jina la uso wenye machozi ya furaha, ile iliyochaguliwa na kamusi za Oxford kuwa neno la mwaka 2015; 😭 ni uso unaolia kwa sauti. Lakini sisi vijana tunacheka kwa 😭 na 💀, na ile 😂 tumewaachia wazazi. Kwa hiyo mweka hazina aliyesoma furaha katika 😭 alisoma kama kijana, na mama aliyeituma aliandika kama mtu mzima. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota waliwaonyesha watu picha ile ile, na katika robo ya matukio hawakupatana hata juu ya iwapo hisia yake ni nzuri, mbaya au ya kati. Hiyo ilikuwa picha moja moja. Sisi tunabishania mbili zilizoshikana.

Ongezeni suala la simu. Unicode, chombo kinachoziratibu emoji, hutoa namba na jina, na kila kampuni inachora kwa mkono wake. Nyingine si picha moja, ni mchanganyiko ulioshonwa kwa alama isiyoonekana. Mfano wake uko hapa hapa mjini: sisi wapenzi wa timu ya mpira ya TP Mazembe tulikuwa tukijitambulisha kwa 🐊🖤🤍, yaani mamba wa nembo na rangi za timu, na mwaka 2022 alipokuja ndege mweusi 🐦‍⬛, tukamchukua kuwa kunguru wetu, maana Kunguru ndilo jina la utani la timu. Ndege huyo ni ndege wa kawaida aliyeunganishwa na mraba mweusi. Kwenye simu ya zamani ya baba yangu vitu hivyo viwili vinaachana: anaona ndege wa rangi nyingine kabisa, na mraba kando yake, kisha ananiuliza kama nimebomoa simu. Mwanachama akijibu 🫡, iliyotoka mwaka 2021, mweka hazina mwenye simu kuukuu anaweza kuona kisanduku kitupu tu. Je, kisanduku hicho ni ndiyo?

Sisemi kwamba michanganyiko haina maana. Mtu akiandika 🚂💛💙 siku ya mechi, Lubumbashi nzima inajua ni Lupopo, timu ya watu wa reli, wala hahitaji kueleza. Huko mji mzima umekwisha kupatana. Kuhusu 🙏🏾😭, hakuna aliyewahi kupatana na mwenzake.

Muuza unga (soko la Kenya)

Mwanangu, umesema vizuri, lakini mtoto wa kunguru usitufundishe habari za Lupopo. Narudi kwenye hoja. Kama mama huyo alikuwa akiomba huruma, aliona wenzake wanaweka 👍 mfululizo na aliona mweka hazina akiandika «Asanteni, tumekubaliana». Kwa nini hakusema neno wakati huo? Mtu anayeona ameeleweka vibaya na kuliacha kosa liendelee mpaka siku ya kulipa, nasi tumwite nani?

Mwanasheria anayeanza kazi (Kampemba)

Swali hilo ni zuri kuliko lile la emoji, Mama, na lina jibu lake. Nchini Israeli, katika kesi iliyoamuliwa mwaka 2017, watu wawili walimwandikia mwenye nyumba kwamba wanaitaka nyumba yake, wakaweka mcheza dansi, chupa ya shampeni, kindi, nyota mkia na furaha tele: 💃👯✌️☄️🐿️🍾. Mwenye nyumba aliondoa tangazo lake, nao baadaye wakapotea. Jaji alisema wazi kwamba mkataba haukuwepo. Hata hivyo aliwaamuru walipe shekeli 8,000, kwa sababu walimfanya aamini jambo ambalo hawakulikusudia, na huko ni kukosa nia njema. Mnaona njia ya tatu ilipo: emoji isizae mkataba, lakini aliyemwacha mwenzake ajenge juu yake abebe sehemu ya hasara. Mama wa likelemba, kwa maoni yangu, hadaiwi faranga 10,000 za kila juma, lakini anapaswa kuwaeleza wenzake ukimya wake baada ya ile «tumekubaliana».

Mleta mada (Kamalondo, Lubumbashi)

Nakubaliana na mwanasheria kwa sehemu kubwa, ila ukimya wa mwanamke mbele ya kundi la wakubwa wake usipimwe kama ukimya wa wapangaji wawili wanaotafuta nyumba. Mweka hazina ni shemeji yake mkubwa. Kumsahihisha mbele ya wote kungekuwa kumwaibisha, na kila mmoja kati yetu anajua gharama ya jambo hilo nyumbani. Pengine ile 🙏🏾😭 ndiyo sauti kubwa kuliko zote aliyoweza kuitoa mahali pale.

Nitapeleka pendekezo hili kwenye kikao: emoji zibaki kwa taarifa za kawaida, kama vile mchango umepokelewa au mkutano ni saa ngapi, jambo lolote linalogusa kiasi cha fedha au mpangilio wa zamu lijibiwe kwa maneno au kwa ujumbe wa sauti, na anayeona aibu kusema mbele ya wote amwandikie mweka hazina pembeni.

Muuza unga (soko la Kenya)

Na mega za intaneti za kutuma hizo sauti, nani atalipa?

Mleta mada (Kamalondo, Lubumbashi)

Mama, «ndiyo» na «hapana» hazimalizi mega. Zinazomaliza ni zile video za harusi unazotutumia kila Jumapili.