Naomba ushauri: mmea huu wa maua unaotambaa ukutani unaitwaje, na nimekosea wapi?

Wakuu, habari zenu. Jirani yangu ana mmea uliofunika ukuta wake wote, na anasema haujatimiza hata miaka 3. Jina halijui.

Nimeuangalia kwa karibu. Maua ni ya zambarau, membamba kama karatasi, yamekaa matatu matatu, na katikati kuna kijiua cheupe chembamba kama njiti. Matawi yana miiba (mkono wangu ni shahidi). Haujishikizi wenyewe ukutani, ameufunga kwa waya. Nahisi ni bogenvilia, kwa sababu ile rangi yake kumbe ni majani tu, ua hasa ni kale keupe. Mke wangu anabisha, anasema majani hayawezi kuwa hivyo.

Jirani alinikatia vijiti 4, nikavichomeka kwenye makopo. Vitatu vimeoza, nadhani niliviloweka mno. Cha nne kimeshika na kinarefuka kwa fujo, lakini ni majani matupu, ua hata moja! Kiko kivulini, nakimwagilia kila jioni, samadi nayo sijaibania.

Kuna aliyeniambia nikitoe juani na nikiache kikauke udongo kabla ya kumwagilia tena. Ni kweli, au nitakiua? Samadi niache kabisa? Na nikikihamishia chini, nikiweke umbali gani na ukuta, na nianze kukipogoa lini? Waliowahi kuotesha wanisaidie, kimebaki hiki kimoja tu.