Kumsikiliza mzee stori nayo ni unesi?

nesi_mtarajiwa: Wakuu habari, niko mwaka wa pili unesi hapa Dodoma, tutor kasema kila mmoja akae na mzee wa miaka 60 kwenda juu amsikilize stori za maisha yake halafu aandike, sasa hii inanisaidia nini wodini wakati presha napima bila stori?

mama_kizota: Mdogo wangu usidharau. Nilikuwa na bibi mmoja Mgogo, faili limeandikwa anagoma kula. Nikamsalimia mbukwenyi, nikavuta kiti, akaanza kunipa ya Operesheni Dodoma ya 1971 walivyohamishiwa vijiji vya ujamaa, katikati ya stori ndo anataja kwamba meno hana, wali unamkwama, yeye anataka uji wa uwele. Siku zote hizo hakuna aliyemuuliza!

mkongwe: Akirudia stori ileile msimkatishe. Robert Butler, daktari wa akili Marekani, aliandika 1963 kwamba mzee kupitia upya maisha yake ni kawaida, sio lazima awe kachanganyikiwa. Ila omba ruhusa kwanza, usimrekodi kimyakimya.

nesi_mtarajiwa: Asante dada, asante mkuu. Kesho naenda kwa babu mmoja Chamwino, Kigogo changu kinaishia hapo kwenye mbukwenyi ila ntajikaza 😅