Bima ya umma au ya kampuni binafsi? Waliougua au kuuguza muda mrefu, tupeane uzoefu

Mleta mada
Wadau, salaam. Kila mjadala wa bima ninaoukuta unaishia mapokezi: huku foleni, kule lugha nzuri na viti vya kukalia. Kwangu hayo ni madogo. Bima naipima pale ugonjwa unapogoma kuondoka. Kwa hiyo naomba wenye uzoefu huo waseme kadi zao ziliwafikisha wapi. Naanza mimi.

Baba alikuwa na bima ya kampuni kupitia mwajiri wake, na miaka yote tulihudumiwa vizuri mno. Figo zilipofeli akaandikiwa kusafishwa damu mara tatu kwa wiki. Hapo ndipo tulipoelewa kuwa magonjwa sugu yana ukomo wake ndani ya mkataba, mdogo kuliko ule wa jumla unaotangazwa. Ukaisha kabla ya nusu mwaka. Alipostaafishwa kwa ugonjwa, kadi ikafa siku hiyohiyo. Mfuko wa umma ndio unaombeba mpaka sasa. Foleni ipo, dawa nyingine tunanunua wenyewe, ila nafasi kwenye mashine hajawahi kunyimwa.

Mchangiaji wa 2
Pole kwa mzee. Mimi nina kisa cha upande wa pili. Mke wangu alijigusa akakuta uvimbe kwenye titi. Kwa bima ya umma tulitakiwa kuanza kituo cha chini, tupewe rufaa, kisha tusubiri tarehe ya kipimo. Kwa kadi ya kampuni ya kazini kwake alionana na daktari bingwa wiki ileile, kinyama cha uvimbe kikachukuliwa kwenda kupimwa kesho yake. Ilikuwa saratani, hatua ya mwanzo. Mtu asiniambie kasi ni anasa.

Mchangiaji wa 3
Nafanya kazi kitengo cha bima hospitalini, madai ya pande zote yanapita mezani kwangu. Kwa kampuni, shida yangu ni kibali. Naambatanisha majibu ya vipimo, natuma, nasubiri. Mgonjwa yuko kwenye kiti cha magurudumu pembeni, ndugu yake ananikodolea macho kana kwamba mimi ndiye ninayekataa, na aliyeko upande wa pili anauliza swali ambalo daktari ameshalijibu kwenye fomu.

Kwa mfuko wa umma, kibali mara nyingi si tatizo. Tatizo ni malipo. Fomu inarudishwa kwa sababu saini ya mgonjwa haipo, au ugonjwa ulioandikwa haulingani na dawa iliyotolewa, na hata iliyo safi inakaa miezi. Hospitali inashindwa kumlipa msambazaji, msambazaji anasitisha mzigo. Ukiambiwa dirishani "dawa hakuna", mara nyingi hilo ni deni linasema.

Mchangiaji wa 4
Mimi nimejiajiri, nina kisukari. Kwenye fomu ya kampuni kulikuwa na swali kama nina ugonjwa wowote, nikajibu ukweli, nikakataliwa. Mfuko wa umma ulinipokea, kwa sharti la kusubiri kwanza kabla ya kadi kuanza kazi. Sharti hilo liliniuma, lakini nalielewa: tukijiunga wagonjwa peke yetu, na wazima wakakaa nje mpaka waugue, mfuko utakauka.

Mchangiaji wa 5
Ndiyo maana nchi nyingine zimeondoa hiari. Ujerumani ilianza kuwalazimisha wafanyakazi kuwa na bima ya matibabu mwaka 1883. Nimeishi huko. Mwenye kipato kikubwa anaruhusiwa kwenda kampuni binafsi, na kijana mzima analipa kidogo. Uzeeni mchango unapanda, na ukishavuka miaka 55 kurudi mfuko wa umma ni karibu haiwezekani. Nilifanya kazi na mzee aliyenaswa hapo. Kila barua ya kampuni yake ilimkosesha raha.

Uholanzi, tangu 2006, bima ya msingi inauzwa na kampuni binafsi, lakini kila mkazi lazima awe nayo, na kampuni hairuhusiwi kumkataa mtu wala kumtoza zaidi kwa ugonjwa wake. Mwenye kisukari kama wa 4 angepokelewa. Kwa hiyo mimi nagombania sheria kwanza, mmiliki baadaye.

Mleta mada
Wa 5, hapo nakubaliana nawe kabisa. Sheria ya namna hiyo ingemfaa baba. Wa 2, namshukuru Mungu kwa shemeji. Naomba kuuliza: matibabu yake bado yako kwenye kadi ileile ya kazini?

Mchangiaji wa 2
Bado. Ameandikiwa vidonge vya homoni kwa miaka 5, huenda vikafika 10. Kazi imemchosha na alitaka kuacha, lakini tukihesabu vipimo vya kila mwaka tunaahirisha. Tumemwandikisha pia mfuko wa umma kama mtegemezi wangu. Tunalipa kote kuwili.