Chaplin, Keaton au King Majuto: tufungue na nani Mwanga?

Mwanakatonga
Wakuu, habari za jioni. Mwezi ujao tunaanza kuonyesha filamu za vichekesho uani kwenye banda letu hapa Mwanga, Kigoma, bure kwa watoto na wazee. Watazamaji ni mchanganyiko: Waha, Wabembe, Wamanyema, na majirani wa kutoka Burundi na Kongo. Projekta ipo, jenereta ipo. Nimebaki na tatu: filamu bubu mbili za zamani, *The Kid* ya Charlie Chaplin (1921) na *The General* ya Buster Keaton (1926), au mojawapo ya mchekeshaji wetu King Majuto. Naomba hoja, siyo majina matupu.

Binti_Ujiji
Majuto, Mungu amrehemu, nampenda sana. Lakini utamu wake mwingi uko mdomoni: lafudhi ya Tanga, majibu ya papo kwa papo. Mama aliyevuka mpaka juzi ataona mzee anafoka tu.

Chukua Chaplin. Alianza filamu 1914, mwaka ule ule reli ilipofika Kigoma, na mpaka leo hahitaji mkalimani. Kwenye *The Kid* mtoto anayelelewa na Chaplin anapiga mawe madirisha ya watu, halafu Chaplin anapita na vioo mgongoni kutafuta kazi ya kuvitengeneza. Safari moja mtoto anarudisha mkono nyuma ili arushe jiwe, mkono unagusa kitu: askari kasimama nyuma yake! Halafu serikali inapokuja kumchukua mtoto, ua mzima utanyamaza. Chaplin mwenyewe alipelekwa nyumba ya maskini London akiwa na miaka 7, na mama yake aliugua akili. Kile kilio alikijua.

Fundi_Stesheni
Naandika kutoka Tabora, mji wa treni, kwa hiyo kura yangu ni Keaton. Katika *The General* msichana amemkataa Keaton, basi Keaton anakaa juu ya chuma kinachounganisha magurudumu ya kichwa cha treni. Treni inaondoka, chuma kinampandisha na kumshusha, naye wala hashtuki. Dereva angezidisha mvuke kidogo magurudumu yakateleza, mtu angefia pale. Halafu daraja linaungua na treni ya kweli inatumbukia mtoni. Siyo mwanasesere, treni!

Binti_Ujiji
Kaka, shikamoo. Ufundi sibishi. Ila shujaa wa filamu hiyo anaendesha treni kwa ajili ya majimbo ya kusini ya Marekani, yaliyopigana ili watumwa waendelee kuwa watumwa. Misafara ya watumwa ilipita hapa Ujiji. Siwezi kukaa na bibi yangu tukamshangilia mtu wa upande ule, na filamu yenyewe hailigusi hilo hata kidogo.

Fundi_Stesheni
Marahaba mdogo wangu. Hoja ina uzito, kwa ufunguzi naiondoa. Keaton simwondoi. Ipo *Steamboat Bill, Jr.* ya 1928, na hiyo ni ya watu wa meli kama nyinyi. Nahodha mzee, pande la mtu, anamsubiri mwanawe stesheni, anashuka kijana mwembamba na kofia ya ajabu. Mwishoni tufani linabomoa mji, ukuta mzima wa mbele wa nyumba unamwangukia Keaton, naye anapona kwa sababu amesimama panapoangukia dirisha lililo wazi. Ukuta ule ulikuwa mzito kweli. Angesogea hatua moja, asingekuwepo.

Dogo_Kibirizi
Kumbe! Jackie Chan aliurudia huo ukuta kwenye *Project A* ya pili, 1987. Na ile ya 1983 alivyoanguka kutoka mnara wa saa, alikuwa anamkumbuka Harold Lloyd, mchekeshaji mwingine wa filamu bubu, aliyening'inia kwenye saa mwaka 1923. Vijana wa kibanda umiza waambieni hivyo, watakuja wote.

Mwalimu_Kasulu
Kuna jambo mmelisahau: filamu bubu zina maandishi ya Kiingereza katikati. Watoto wa darasa la pili watayasoma saa ngapi? Tafuta mtu wa kuyasema kwenye kipaza sauti, kama wanavyofanya wale wa filamu zilizotafsiriwa, ila aseme kidogo, asiwaharibie watu kicheko. Keaton ana maandishi machache kuliko wenzake, hilo nalo ni la kupima. Muziki pia usiuache. Enzi zile ukumbi ulikuwa na mpiga kinanda. Nyinyi leteni hata ngoma mbili.

Mwanakatonga
Asanteni sana. Jumamosi ya kwanza *Steamboat Bill, Jr.*, ya pili *The Kid*. Majuto atapata usiku wake peke yake, maana wazee wa Kibirizi wameshaniuliza. Ngoma zipo. Ninachotafuta sasa ni msemaji anayejua Kiswahili na Kirundi, mwenye sauti ya kufika mwisho wa ua. Anayemjua mtu wa hivyo aniandikie kabla ya Alhamisi.